Kona ya Kwaya: Ubeti wa Pili Umeshashuka, Tufanyeje?

Sherehe za Desemba zikikaribia, barua zinazohusu wimbo wa taifa huongezeka mezani kwetu, kutoka Tanzania na kutoka Kenya pia. Safari hii tumeziweka pamoja. Ugumu wa wimbo huu kwa mwanakwaya ni kwamba aliujua kabla hajajiunga na kwaya. Aliushika kwa sikio akiwa mstarini shuleni, pamoja na makosa ya mstari mzima, na hakuna aliyewahi kumpa karatasi.

Shikamooni walimu. Kwaya yetu ina watu 32: wanawake ni soprano 14 (sauti ya juu) na alto 8 (ya chini), wanaume ni tena 3 (ya juu) na besi 7 (ya chini). Tunaimba "Mungu Ibariki Afrika" bila kinanda, do ikiwa G. Ubeti wa kwanza uko vizuri. Tukimaliza wa pili, kinanda kikiguswa tunajikuta F shapu, nusu toni chini, siku nyingine F kabisa. Mwalimu analaumu soprano, soprano wanalaumu besi. Kosa ni la nani?
*Mwimbaji wa alto, Dodoma*

Marahaba. Kabla ya kumtafuta mwenye kosa, tafuteni mahali pa kosa. Kwaya haishuki polepole na sawasawa kama maji kwenye pipa linalovuja. Inashuka katika sehemu mbili tatu, na kila siku ni zile zile. Wekeni kwenye simu programu ya kupimia noti. G iliyo juu ya C ya kati ni mitetemo 392 kwa sekunde, na F shapu ni 370. Imbeni mstari mmoja, simameni, besi washike do yao, mwalimu asome simu. (Besi wako chini kwa oktava nzima, kwa hiyo simu itaonyesha 196, ambayo ni nusu ya 392. Msishtuke.) Kisha mstari wa pili, na kuendelea. Andikeni penye kushuka. Zoezi hilo huchukua dakika 15 na humaliza ugomvi wa miaka.

Tunaweza kukisia mtakachokuta. Mahali pa kwanza ni silabi za mwisho wa mstari. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: a-FRI-ka, WA-ke, a-MA-ni. Ya mwisho mdomo huiachia tu, na sauti hudondoka nayo. Hivyo ndivyo tunavyosema tangu utotoni. Lakini katika wimbo huu silabi hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo inayoshikwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwimbaji anaweka noti ndefu juu ya silabi ambayo ulimi wake umezoea kuitupa, tena pumzi ikiwa imebaki kidogo. Dawa yake ni kuimba mstari kwa irabu peke yake, bila konsonanti: u-u-i-a-i-i-a-i-a. Irabu ya mwisho iwe hai kama ya kwanza, kisha mrudishe maneno. Msikaze silabi ya mwisho kwa nguvu, Kiswahili kitaharibika. Ishikeni tu, isilegee.

Mahali pa pili ni noti zinazorudiwa, na hapa mtuwie radhi alto. Alto katika mapangilio mengi ya wimbo huu hukaa kwenye noti moja silabi nne, tano. Kila marudio hupungua kidogo sana, kiasi ambacho sikio la mwenyewe halioni, na mwisho wa mstari robo ya toni imeshaondoka. Wafanye mazoezi ya kuimba noti hizo kwa kukatakata, fupi fupi kama mtu anayegonga mlango, kila moja ikianza upya. Mwalimu awaambie wafikirie kwamba kila marudio yako juu kidogo kuliko lililopita. Hayatakuwa juu, yatakuwa sawa.

Tatu, popote sauti inaposhuka kutoka do kwenda ti na kurudi do. Kati ya do na ti ni nusu toni tu, hatua fupi, lakini waimbaji huchukua hatua ndefu kama ile ya do na re. Wakirudi juu hawafiki walikotoka. Imbeni do-ti-do, do-ti-do mara kumi kwa "nu", simu ikiwa wazi.

Nne, nafasi kati ya beti. Ubeti wa kwanza ukiisha watu hupumzika, mabega yanashuka, mwingine anameza mate, na noti ya kwanza ya ubeti wa pili inachukuliwa kutoka kumbukumbu ya noti iliyokuwa tayari imechoka. Nafasi hiyo isizidi pumzi moja, na mkono wa mwalimu usishuke.

Mwendo nao una mchango wake. Heshima imechanganywa na uzito, basi wimbo unaburutwa hadi mapigo 50 kwa dakika, na hakuna pumzi inayotosha mstari. Sisi tungeimba kati ya 66 na 72. Saa ya ukutani inapiga 60. Nendeni mbele yake kidogo tu.

Kuhusu idadi yenu, tena watatu mbele ya soprano 14 watapiga kelele ili wasikike, na sauti inayopigwa kelele haikai kwenye noti. Wapimeni besi mmoja mmoja. Anayefika F iliyo juu ya C ya kati bila kukunja uso wala kuinua kidevu, huyo ni tena aliyejificha. Mkipata wawili, mtakuwa na tena watano na besi watano, inatosha kabisa.

Yote yakishindikana, jaribuni kuanza A flati badala ya G. Kupandisha ili kuzuia kushuka kunaonekana kama kichekesho, lakini kila sauti ina mahali inapobadilika kutoka kifuani kwenda kichwani, na mstari ukiangukia hapo hapo huyumba. Nusu toni juu au chini huuondoa mstari mahali hapo. Pimeni G, A flati na F shapu kwa jioni tatu tofauti, mchague ule mnaoshuka kidogo zaidi.

Soprano, kwa taarifa ya mwalimu wenu, si wavivu kuliko wengine. Wako juu, kwa hiyo wanasikika wanapokosea.

Tumealikwa kuimba pamoja na bendi ya matarumbeta. Mpiga tarumbeta alituambia wao wanapiga C, tukafanya mazoezi wiki mbili kwa C ya kinanda. Siku ya kukutana bendi ikaanza chini yetu kabisa. Walitudanganya?
*Mwalimu wa kwaya, Tanga*

Hawakuwadanganya. Tarumbeta la kawaida ni chombo cha B flati: mpigaji akisoma C na kuipiga, kinachotoka ni B flati ya kinanda. Yeye amesema noti anayoiona kwenye karatasi yake. Vyombo vya E flati vina tofauti kubwa zaidi, kwa sababu C yao ni E flati ya kinanda. Kwa hiyo bendi msiiulize "mnapiga ufunguo gani?" Ulizeni hivi: "Do yenu ni kibao gani cha kinanda?" Bora zaidi, mwombeni mkuu wa bendi awapigie do, mwirekodi kwa simu, mwende nayo mazoezini.

Bendi za namna hii hupenda funguo za flati, B flati, E flati na F, kwa sababu vidole vyao vinakaa vizuri hapo. Na B flati si jambo geni kwa wimbo huu. Ndimo ulimoandikwa awali. Kwa kwaya iliyozoea G, kwenda B flati ni kupanda nusu toni tatu. Soprano wataweza wakipashwa sauti vizuri, waimbaji wa tena ndio wa kuangaliwa. Kama tena wenu wanakwaruza, wambieni waimbe sehemu za juu kwa sauti nyembamba ya kichwani. Bendi ikiwa inapiga, hakuna atakayejua.

Jambo lingine: vyombo vya kupuliza hupanda kadiri hewa iliyo ndani yake inavyopata joto. Bendi iliyokaa juani tangu saa mbili asubuhi, ifikapo saa sita iko juu kuliko ilivyokuwa mazoezini jioni. Kinanda cha umeme hakisogei. Msije mkachukua sauti kwenye kinanda dakika moja kabla ya bendi kuanza. Chukueni kwa bendi yenyewe.

Mwulize mkuu wa bendi maswali mawili zaidi. Je, kuna utangulizi kabla ya sauti kuingia, na ni mapigo mangapi? Na kati ya ubeti wa kwanza na wa pili, wanaunganisha au wanasimama? Kisha mkubaliane nani anaongoza. Wakiwa waongozaji wawili, wanakwaya watamtazama mmoja na kumsikiliza mwingine. Mkononi mwenu iwe kazi ya kutoa ishara ya kuvuta pumzi tu. Mwendo mwachieni yeye.

Sisi tunabishana maneno. Je, pumzi ichukuliwe wapi? Na "Wabariki viongozi wake", si maana yake ni kwamba wao wanabariki? Kuna mzee hapa anadai limekosewa.
*Katibu wa kwaya, Songea*

Mzee tumpe heshima yake, ila neno halijakosewa. Hiyo "wa" si mtenda, ni mtendwa: Mungu, wabariki hao viongozi. Kwa kawaida tukiamuru huku tukimtaja mtendwa, kitenzi hubadilika mwisho na kuwa na "e": wape, waite, walinde. Lakini "bariki" ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu kinachoishia na "i", hakibadiliki. Ndiyo maana sikio linateleza. "Ibariki Afrika" na "Tubariki watoto" ni muundo huo huo: wa kwanza unaiombea Afrika, wa pili unatuombea sisi. Wimbo mzima umesemwa kwa Mungu, na hilo libadilishe namna ya kuimba. "Mungu" ni mwito, kwa hiyo pana alama ya mkato isiyoandikwa baada yake. Msivute pumzi hapo. Lipeni neno uzito wake tu, halafu mwendelee.

Sasa pumzi. Mistari mitatu ya kwanza haina tatizo, vuteni mwisho wa kila mmoja. Katika "Hekima, umoja na amani" mkato uko kwenye karatasi, usiingie mapafuni. Tatizo liko mstari wa nne. Ubeti wa kwanza unasema "Hizi ni ngao zetu", kisha "Afrika na watu wake". Hapo mnaweza kupumua, maana hayo ni mafungu mawili. Ubeti wa pili, tuni ile ile, unasema "Mungu ibariki", kisha "Tanzania na watu wake". Mkipumua baada ya "ibariki" mmemkata Mungu kutoka kwenye anachoombwa. Fikisheni pumzi hadi "wake". Kama haitoshi, vuteni kwa zamu: watu wenye namba shufwa wapumue kabla ya "Mungu", wenye namba witiri wapumue katikati ya silabi ndefu, mahali popote isipokuwa baada ya "-ki".

Mstari huo huo una mtego wa pili. Hesabuni silabi: hi-zi-ni-nga-o-ze-tu ni saba. Mu-ngu-i-ba-ri-ki ni sita. Noti ni zile zile, kwa hiyo katika ubeti wa pili silabi moja lazima ibebe noti mbili. Mkiacha kila mtu aamue, nusu watavuta "Mu-" na nusu watavuta "-ri-", na ndipo ule uji unaosikika katikati ya ubeti wa pili. Angalieni nakala yenu imeandika nini. Kama haina alama, mwalimu achague na achore mstari juu ya noti mbili hizo kwa kalamu, kwenye kila karatasi.

Kisha kuna Afrika na Tanzania. A-fri-ka ni silabi tatu, ta-nza-ni-a ni nne, na jina linatajwa mara tano katika kila ubeti. Mara tano, basi, ubeti wa pili una silabi ya ziada. Inayotakiwa kukazwa ni "-ni-", kama tunavyosema kila siku, na iangukie pale "-fri-" ilipoangukia. Maana yake "Ta-" na "-nza-" zigawane muda wa "A-", fupi fupi, zikikimbilia mbele. Kwaya nyingi zinakaza "Ta" kwa nguvu na kufika "-nia" zimechelewa. Na wapo wanaoimba A-fi-ri-ka kwa silabi nne wakidhani wanasawazisha. Hao wanarudi nyuma kabla hawajaanza.

Matamshi machache ya kusikiliza: "hekima" na "hizi" zina h, isipotee. "Ngao" ina "ng" ya "ngoma", si ya "ng'ombe", nayo ni silabi mbili. Katika "wa Afrika" a mbili zinakutana; ziunganishwe bila kukata koo, lakini muda wa noti mbili ubaki. Na wenye r na l zinazobadilishana nafasi, zoezi ni kusema "ba-ri-ki" taratibu, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu mara moja tu. Mara moja. Ikigusa na kukaa, hiyo ni l.

Naomba kujua nani alitunga wimbo wetu wa taifa. Rafiki yangu anasema ni wa Afrika Kusini, mimi nasema ni wetu tangu 1961.
*Mwanafunzi wa sekondari, Morogoro*

Mko sawa wote wawili. Tuni ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya wa misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliyeitunga mwaka 1897 ikiwa tenzi ya kanisa, kwa Kixhosa: "Nkosi Sikelel' iAfrika". Alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio. Beti saba zaidi ziliongezwa baadaye na mshairi Samuel Mqhayi, zikachapishwa 1927. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein katika mkutano ulioanzisha chama cha ukombozi cha Afrika Kusini kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London. Sontonga mwenyewe hakuyaona hayo, alifariki 1905.

Tanganyika ilipopata uhuru 1961 iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili, na ubeti wa pili ulikuwa wa Tanganyika. Hapa mwanakwaya atatabasamu: ta-nga-nyi-ka ni silabi nne zinazokazwa ya tatu, sawa kabisa na ta-nza-ni-a. Nchi ilibadilika jina bila noti hata moja kuguswa. Zambia nayo inatumia tuni hii hadi leo kwa maneno yake. Zimbabwe iliitumia hadi 1994, na Namibia kwa muda mfupi hadi 1991.

Ukiujua mwanzo wake utaelewa kwa nini umekaa vile ulivyo. Ulitungwa na mtu wa kwaya kwa ajili ya kwaya, sauti nne, kwa kizazi kilichosoma solfa, yaani noti za do-re-mi. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne si mapambo ya baadaye, zilikuwemo tangu mwanzo. Kuuimba kwa sauti moja uwanjani ni sawa, ila ujue unaimba robo yake.

Kwaya yetu ya Watanzania hapa Ujerumani imeombwa na Waafrika Kusini kuimba nao wimbo wao. Tuangalie nini?
*Mwanakwaya, Hamburg*

Mambo mawili. Kwanza herufi: katika "maluphakanyisw' uphondo" hiyo "ph" si f, ni p inayosindikizwa na pumzi. Katika "imithandazo yethu" hiyo "th" si ya "thelathini", ni t yenye pumzi. Waswahili huingia mtego huu haraka kwa sababu sisi th tunayo. Pili, wimbo wao rasmi tangu 1997 una lugha tano na funguo mbili: unaanza G, halafu panapoingia Kiafrikaans unahamia D. Mnaosoma solfa, so yenu ya G inageuka do mpya. Zoeeni mruko huo peke yake, bila maneno, mara ishirini.

Sisi ni 11 tu: wanawake 7, wanaume 4, na hakuna hata tena mmoja. Tuimbe sauti moja?
*Kikundi cha kwaya, Kigoma*

Imbeni sauti tatu: soprano 4, alto 3, wanaume wote besi. Kabla hamjaitupa sauti ya tena, mwalimu apitie noti kwa noti. Kila panapoimbwa do-mi-so, atazame mi iko kwa nani. Ikiwa ilikuwa kwa tena peke yake, alto wahamie kwenye mi hiyo, hata kama wanaacha so. So ikikosekana hakuna atakayejua, lakini mi ikikosekana wimbo unakuwa mtupu kama chungu kilichopasuka. Kazi hii huchukua jioni moja kwa mwenye kujua solfa. Wanaume wakiwa wanne, besi wasishuke oktava kuonyesha ubavu.

Kipaza sauti kimoja kinatosha, mita 2 mbele yenu, juu ya usawa wa vichwa, katikati. Kisishikwe mkononi na soprano.

Huku Kenya tunaimba "Ee Mungu Nguvu Yetu". Mwalimu akitupa do, nusu ya kwaya inaanza vibaya. Kwa nini?
*Mwanakwaya wa besi, Mombasa*

Kwa sababu do si nyumbani kwa wimbo huo. Tuni yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea mtoto, ikatengenezwa na tume ya wanamuziki watano mwaka 1963, nayo ni ya mainor, ngazi yenye sauti ya huzuni: makao yake ni la. Mwalimu awape la, kisha aimbe la-do-mi-do-la polepole, ndipo kila sauti itafute noti yake. Ikiwa kinanda kinapiga C mainor, la ni C na do ni E flati. Akiwapa E flati na kunyamaza, wenye sikio la kanisani wataanza tenzi ya furaha.

Katika maneno, "mlinzi" ni silabi tatu na m ina noti yake. Fungeni midomo na kuiimba. Vivyo hivyo n ya "nchi" katika ubeti wa pili. "Haki iwe" ina i mbili, "tuungane" ina u mbili. Ukisikia "hakiwe", simamisha. Ubeti wa tatu hufundishwa kwa haraka kila mahali, na inasikika. Tungeanza mazoezi kwa huo.

Tunaweza kuongeza ngoma na kurudia "Ibariki Afrika" mara nne? Watu wanapenda.
*Kiongozi wa vijana, Mbeya*

Penye bendera na watu waliosimama wima, hapana. Imbeni kama ulivyo, beti ambazo mratibu wa itifaki amewaambia, bila kupiga makofi wala kuyumba. Mwulizeni mapema ni ubeti mmoja au miwili, maana bendi ikinyamaza nanyi mkaendelea, aibu ni yenu.

Kama mnataka rangi, iko ndani ya wimbo wenyewe. "Ibariki Afrika" inakuja mara mbili. Ya kwanza imbeni kwa nusu ya sauti, midomo ikiwa wazi na konsonanti zikiwa kali, ya pili kwa sauti kamili. Msizidishe mwendo mnapozidisha nguvu, kwaya hufanya hivyo bila kujua; mwalimu apige mapigo kwa kidole kwenye meza wakati wa mazoezi. Mstari wa mwisho upunguzeni mwendo kuanzia "watoto wa", si mapema zaidi. Silabi ya mwisho ishikwe mapigo manne, na ikatwe kwa ishara ya mkono, wote pamoja, huku a ikiwa bado wazi.

Watoto wenu wa miaka 8 hadi 12 wakiimba nanyi, wapeni sauti ya kwanza na muanze F, si G.